Chembe za Kinga na Mishipa ya Damu: Historia ya Ugonjwa wa Ateri kutoka Kavirondo hadi Obunga

Ugonjwa wa ateri huanza kimya, mara nyingi ujanani, ndani ya ukuta wa mishipa mikubwa inayotoa damu moyoni. Mafuta yanayosafiri katika damu hupenya ngozi nyembamba ya ndani ya mshipa na kunaswa humo. Yakikaa, huharibika. Chembe nyeupe za damu huyafuata, huyameza, hushindwa kuyamaliza, na baadhi hufia papo hapo. Mzoga wa chembe hizo, pamoja na mafuta, kovu na chokaa, ndio huunda uvimbe unaoweza kupasuka baada ya miaka 30 au 40 na kuleta kiharusi au mshtuko wa moyo. Kwa muda mrefu madaktari waliyatazama mafuta na kuzisahau chembe. Habari ya jinsi zilivyokuja kutambuliwa inajulikana zaidi kwa majina ya maabara za Ulaya na Marekani, lakini kurasa zake kadhaa ziliandikwa kwenye mwambao wa Kenya wa Ziwa Victoria: katika hospitali ya hifadhi ya Wenyeji enzi za ukoloni, kwenye fukwe za Kisumu wanakooshea magari, na katika kliniki zinazohudumia mitaa kama Obunga.

Mabishano yalianza katikati ya karne ya 19. Carl von Rokitansky wa Vienna alidai kwamba uvimbe wa ateri ni masalia ya damu iliyoganda na kujibandika ukutani. Rudolf Virchow wa Berlin alipinga. Aliona chini ya darubini kwamba ukuta wenyewe wa mshipa unashiriki, unavimba na kuzalisha chembe, na akauita ugonjwa huo mchochota, yaani hali ileile inayofanya jeraha livimbe, lipate joto na kuuma. Virchow alikuwa karibu zaidi na ukweli, ila hakuwa na njia ya kueleza chembe hizo zinatoka wapi wala zinatafuta nini.

Jibu la nusu lilipatikana Messina, kisiwani Sicily, mwaka 1882. Ilya Metchnikoff alichoma mwiba ndani ya kiluwiluwi cha kiti cha pweza na kuona chembe zinazotembea zikiuzingira. Akaziita chembe zinazokula, na kazi hiyo ikampa Tuzo ya Nobel mwaka 1908 pamoja na Paul Ehrlich. Mwaka huohuo, nchini Urusi, Alexander Ignatowski aliwalisha sungura nyama, maziwa na mayai, akaona ateri zao zikiharibika. Nikolai Anitschkow na mwenzake Semen Chalatow waliendelea na jaribio hilo huko St. Petersburg, na mwaka 1913 wakaonyesha kwamba kolesteroli peke yake, ikiyeyushwa katika mafuta ya alizeti, inatosha kuleta ugonjwa. Anitschkow aliona pia chembe kubwa zilizojaa matone ya mafuta ndani ya ukuta wa ateri, na akatambua kwamba nyingine zilitoka kwenye damu. Waliomfuata walichukua kolesteroli na kuziacha chembe. Ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya kosa hilo kusahihishwa.

Wakati Metchnikoff akisubiri tuzo yake, reli kutoka Mombasa ilikuwa imekwisha kufika ziwani. Desemba 1901 reli za mwisho zililazwa Port Florence, mahali palipokuja kuitwa Kisumu, kwenye ghuba ambayo Waingereza waliiita Kavirondo na ambayo leo ni Winam. Pamoja na utawala zilikuja hospitali ndogo za serikali, na katika mojawapo, ile ya Kavirondo Kusini, alifanya kazi daktari C. P. Donnison. Mwaka 1929 alichapisha katika jarida la Lancet makala fupi ambayo bado inatajwa. Katika muda wa miaka miwili hospitali yake ililaza wagonjwa wapatao 1,800, na hakupata hata mmoja aliyetambuliwa kuwa na shinikizo la damu. Aliwapima pia wanaume 1,000 wenye afya. Vijana walikuwa na vipimo vinavyolingana na vya Wazungu wa rika lao. Baada ya miaka 40 njia ziliachana: kwa Mzungu presha ilipanda kadiri ya umri, kwa watu wa Kavirondo ilielekea kushuka.

Matokeo hayo yana kasoro zinazoonekana kwa urahisi leo. Waliofika hospitalini walikuja kwa malaria, vidonda na majeraha, na umri wa wengi ulikadiriwa tu. Hata hivyo tofauti ilikuwa kubwa mno kufutwa na kasoro hizo. Kwa heshima yake, Donnison hakusema kwamba Mwafrika ana damu ya namna nyingine. Alishuku mfumo wa maisha, na mwaka 1937 akatoa kitabu kizima kuhusu ustaarabu na maradhi. Si wote waliokuwa waangalifu hivyo. Mwaka huohuo F. W. Vint wa maabara ya serikali Nairobi alichapisha matokeo ya upasuaji wa maiti za Wenyeji wa Kenya ambamo ugonjwa wa ateri za moyo ulikuwa adimu kabisa. Vint ndiye aliyekuwa ametangulia kudai, kwa kupima bongo za maiti, kwamba ubongo wa Mwafrika ni duni. Data ya ateri ilikuwa ya thamani. Mazingira ya kiakili iliyokusanywa ndani yake yalikuwa machafu, na ndiyo yaliyowafanya wengi waridhike na jibu la mkato kwamba ugonjwa huo ni wa Wazungu.

Ushahidi ulizidi kuja kutoka Uganda. Mwaka 1959 A. G. Shaper na K. W. Jones walionyesha kwamba Kampala ilikuwa na jamii mbili zenye mioyo tofauti: Waasia, ambao mshtuko wa moyo ulikuwa ukiwaua, na Waafrika, ambao hawakuujua na ambao kolesteroli yao ilikuwa chini sana. Mwaka uliofuata W. A. Thomas, J. N. P. Davies na wenzao walilinganisha maiti 632 za Uganda na idadi sawa kutoka St. Louis, Marekani, za watu waliozidi miaka 40. Katika zile za St. Louis walikuta mioyo 136 yenye alama za mshtuko. Katika zile za Uganda walikuta moja.

Hapo ndipo swali la chembe za kinga linapokuwa gumu na la kuvutia. Mtu wa Kavirondo wa 1929 hakuwa na kinga tulivu. Malaria, minyoo, kichocho na kifua kikuu viliziweka chembe zake nyeupe kazini tangu utotoni. Ikiwa mchochota ndio huharibu ateri, ateri zake zilipaswa kuwa mbovu kuliko za mtu yeyote. Mfano unaofanana na huo umepatikana karne hii kwa Watsimane wa Bolivia, wanaoishi kwa kuwinda, kuvua na kulima. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta dalili nyingi za mchochota katika damu zao, na bado asilimia 85 ya watu wazima waliopigwa picha hawakuwa na chokaa hata kidogo katika ateri za moyo. Maelezo yanayokubalika ni kwamba chembe za kinga haziharibu ateri isiyokuwa na mafuta ya kushughulikia. Zinahitaji vitu viwili kwa pamoja, kolesteroli iliyonaswa ukutani na ishara ya hatari. Kavirondo ya Donnison ilikuwa na ishara tele, na kolesteroli haba.

Inawezekana pia kwamba baadhi ya maradhi ya ziwa yaliituliza ateri moja kwa moja. Kichocho cha tumbo, kinacholetwa na mnyoo Schistosoma mansoni, kimeenea kote ufukweni Winam. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na M. J. Doenhoff waliripoti kwamba panya waliozalishwa ili waugue ateri walipata uvimbe mdogo zaidi walipoambukizwa mnyoo huo, na kolesteroli yao ikashuka. Mnyoo wa kichocho hauwezi kutengeneza kolesteroli yake mwenyewe, hivyo huichukua kwa mwenyeji. Tena, maambukizi ya muda mrefu huisukuma kinga kuelekea upande wa kustahimili na kuponya makovu, mbali na upande mkali unaochochea ateri. Hakuna daktari anayeweza kupendekeza kichocho kuwa dawa ya moyo, kwa sababu madhara yake kwa ini yanajulikana mno.

Madhara hayo yenyewe ni somo kamili juu ya chembe za kinga na mishipa ya damu, na sehemu yake muhimu ilifundishwa Kisumu. Kuanzia miaka ya 1990 Diana Karanja wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI, pamoja na Evan Secor, Daniel Colley na wenzao, walifuatilia vijana walioosha magari wakiwa wamesimama ndani ya maji ya ziwa, kazi iliyowaambukiza upya kila baada ya kutibiwa. Mnyoo dume na jike huishi ndani ya mishipa ya utumbo bila kusumbuliwa sana. Tatizo ni mayai. Yanayokwama kwenye ini huzingirwa na chembe za kinga ziitwazo makrofaji (chembe kubwa zinazokula), esinofili na seli T, ambazo hujenga kifundo kulizunguka kila yai. Vifundo hutoa ishara za kuotesha mishipa midogo mipya na kisha kovu, kovu hubana mshipa mkuu unaopeleka damu kwenye ini, na damu iliyokosa njia hutafuta vichochoro vya pembeni, ikiwemo mishipa ya koo la chakula ambayo hutanuka hadi kupasuka. Mwaka 1997 Karanja na wenzake waliripoti jambo lisilotarajiwa: wagonjwa wenye VVU, ambao seli zao za kinga za CD4 zilikuwa chache, walitoa mayai machache zaidi katika kinyesi. Yai haliwezi kuvuka ukuta wa utumbo bila msaada wa mchochota wa mwenyeji. Na mwaka 2002 kundi hilo lilionyesha katika Lancet kwamba baadhi ya waosha magari walijenga ukinzani baada ya kutibiwa mara nyingi, na kwamba VVU viliudhoofisha ukinzani huo.

Wakati haya yakifanyika, Kisumu ilikuwa imebadilika. Baada ya uhuru mji ulivutia watu kutoka vijijini kuliko nyumba zilivyoweza kujengwa, na mitaa ya Nyalenda, Manyatta, Bandani na Obunga ikaota kuuzunguka. Obunga, kaskazini mwa kitovu cha mji, ilipokea vibarua wa viwandani na familia zilizotaka kodi nafuu. Maisha ya mhamiaji yalibadilika kwa mambo madogo: chumvi zaidi, mafuta ya kupikia zaidi, mboga za kienyeji chache, wasiwasi wa kodi. Miaka ya 1980 timu ya watafiti wa Uingereza na Kenya, Neil Poulter akiwa miongoni mwao, iliamua kuyapima mabadiliko hayo badala ya kuyabuni. Waliwafuatilia Wajaluo vijana zaidi ya 300 waliohama kutoka vijiji vya mwambao wa kaskazini wa ziwa kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Matokeo yaliyotoka mwaka 1990 yalionyesha kwamba presha ya wahamiaji ilipanda mapema baada ya kuhama, na mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi na potasiamu kidogo. Kizazi kimoja tu kilitosha kuvunja hoja ya damu ya pekee. Watu wa eneo lilelile lililompa Donnison vipimo vyake vya ajabu walipata presha kwa kupanda basi.

Kwa nini chumvi ipandishe presha lilikuwa swali la figo hadi hivi karibuni. Mwaka 2007 Tomasz Guzik, David Harrison na wenzao walionyesha kwamba panya wasio na seli T na B hawapati presha kamili hata wakipewa homoni inayoipandisha, na kwamba wakirudishiwa seli T presha hupanda. Miaka miwili baadaye kundi la Jens Titze, Ujerumani, liligundua kwamba chumvi inayozidi huhifadhiwa kwenye ngozi, na kwamba makrofaji za ngozini huitambua na kutoa kemikali inayootesha mishipa ya limfu ili chumvi iondolewe. Panya walionyang'anywa makrofaji hizo walipanda presha. Chembe za kinga, kwa hiyo, hupandisha presha mahali pamoja na kuizuia mahali pengine.

Turudi kwa Anitschkow na chembe zake zilizosahauliwa. Mwaka 1974 Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas walieleza mlango ambao chembe za kawaida hupitishia kolesteroli, na jinsi unavyojifunga chembe inaposhiba. Mwaka 1979 walikuta kwamba makrofaji zina mlango mwingine usiojifunga kamwe, unaoingiza kolesteroli iliyoharibika. Makrofaji hula hadi zinajaa matone ya mafuta na kuonekana kama povu, ndiyo maana huitwa seli povu. Mwaka 1981 Ross Gerrity alizinasa chembe nyeupe za nguruwe ziitwazo monosaiti, zinazogeuka makrofaji, zikipenya kutoka kwenye damu kuingia ukutani, mwanzo kabisa wa ugonjwa. Katikati ya miaka ya 1980 Göran Hansson wa Uswidi alikuta seli T ndani ya uvimbe wa ateri za binadamu. Mwaka 1999 Russell Ross, aliyekuwa ameanza kwa kuamini kwamba jambo la msingi ni jeraha la ukuta, aliandika kwa maneno yasiyo na utata kwamba ugonjwa wa ateri ni ugonjwa wa mchochota. Virchow alikuwa amesema hivyo miaka 140 kabla.

Mojawapo ya milango hiyo ya makrofaji inastahili kutajwa kwa jina katika nchi ya malaria. CD36 ilitambuliwa mwaka 1989 kuwa mahali ambapo chembe nyekundu zenye vimelea vya Plasmodium falciparum hujishika kwenye kuta za mishipa midogo, zikikwepa kupelekwa kwenye wengu na kuangamizwa. Mwaka 1993 mlango huohuo ulionekana kupokea kolesteroli iliyooksidishwa. Kimelea na mafuta vinagonga mlango mmoja. Kwa mtoto wa Kisumu au Siaya, mlango huo una maana kwa sababu ya malaria. Kwa babu yake anayeishi mjini leo, una maana kwa sababu ya ateri.

Upande wa pili wa habari hii ni uotaji wa mishipa mipya. Mwaka 1971 Judah Folkman wa Boston alidai kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua bila kujiotesha mishipa ya kuulisha, na alichekwa na wengi. Mwaka 1977 Peter Polverini na wenzake walionyesha kwamba makrofaji zilizoamshwa zinaweza peke yake kuotesha mishipa kwenye jicho la mnyama. Hapo ikaeleweka kwa nini kidonda kisicho na makrofaji hakiponi vizuri. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake walisafisha protini ya VEGF, ishara kuu ya kuotesha mishipa, na ikaja kuonekana kwamba makrofaji huitoa kwa wingi mahali penye upungufu wa oksijeni.

Katika ateri, uotaji huo una sura mbili. Ukuta uliovimba hukosa oksijeni, makrofaji zake huita mishipa midogo kutoka nje, na mishipa hiyo dhaifu huvuja, ikaleta damu, mafuta na chembe nyeupe zaidi ndani ya uvimbe. Karen Moulton, akifanya kazi katika maabara ya Folkman, aliripoti mwaka 1999 kwamba kuizuia mishipa hiyo kulipunguza ukuaji wa uvimbe katika panya. Sura nyingine ni ya kuokoa. Ateri kubwa ikiziba taratibu, damu husukumwa kwa nguvu katika vijimshipa vya pembeni. Monosaiti hujibandika kwenye kuta zake, huyeyusha na kujenga upya, na kijimshipa hupanuka hadi kuwa njia kamili. Wolfgang Schaper wa Bad Nauheim, Ujerumani, ndiye aliyeifuatilia kazi hiyo kwa makini zaidi, na alisisitiza kwamba kupanua mshipa uliokuwepo si sawa na kuotesha mpya.

Mfano wa Afrika Mashariki upo hapa pia. Mwaka 1972 George Mann alieleza ateri za moyo za wanaume 50 wa Kimaasai wa Tanzania, watu wa nyama na maziwa. Uvimbe wa mafuta ulikuwepo, lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, na njia ya damu haikuzibwa. Mann alihusisha upana huo na kutembea sana. Ni maelezo yanayoridhisha, ingawa maiti haziwezi kuonyesha mshipa ulipanuka lini.

Majaribio ya kugeuza elimu hiyo kuwa dawa hayakwenda kwa kasi iliyotarajiwa. Mwaka 1997 Takayuki Asahara na Jeffrey Isner walitangaza kuwepo kwa chembe za damu zinazoweza kuwa ukuta wa mshipa, na kwa miaka kadhaa zilidungwa mioyoni na miguuni mwa wagonjwa. Baadaye ilibainika kwamba nyingi za chembe hizo zilikuwa monosaiti, na kwamba zilisaidia kwa kutoa ishara za uotaji kuliko kwa kugeuka kuwa ukuta. Faida kwa wagonjwa ilikuwa ndogo.

Kisumu iliujua uotaji wa mishipa kwa njia ya huzuni zaidi. Saratani ya Kaposi, iliyoelezwa na Moritz Kaposi huko Vienna mwaka 1872, ni uvimbe unaojengwa na chembe za ukuta wa mishipa, wenye rangi ya zambarau kwa sababu umejaa damu inayovuja. Afrika Mashariki ilikuwa nayo kabla ya UKIMWI, hata mkutano wa kimataifa juu yake ukafanyika Kampala mwaka 1961. Kisa cha kwanza cha UKIMWI nchini Kenya kilitambuliwa mwaka 1984, na katika miaka iliyofuata ugonjwa huo, uliokuwa wa wazee na wa polepole, ukawa wa vijana na wa haraka. Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore waligundua kirusi chake, kinachoifanya chembe ya mshipa izalishe VEGF na kujiotesha bila kukoma. Seli T zikiwa timamu, kirusi hicho hulala. Zikipungua, huamka. Ndiyo maana dawa za VVU peke yake, bila kemikali za saratani, huweza kuifuta Kaposi ya mapema.

Wagonjwa wa Obunga na mitaa jirani walipelekwa katika hospitali kubwa ya Nyanza, iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovyeti na kufunguliwa mwaka 1969, siku iliyoishia kwa risasi na vifo. Watu bado wanaiita Russia, ingawa jina lake rasmi sasa ni la Jaramogi Oginga Odinga. Dawa za VVU zilipoanza kusambazwa kwa upana baada ya 2003, wodi zake zilipumua. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta VVU kwa asilimia 17.5 ya watu wazima wa kaunti ya Kisumu, ikilinganishwa na 4.9 kwa nchi nzima. Wengi wao walikuwa hai kwa sababu ya dawa, na wakizeeka.

Kuzeeka huko kulifichua jambo ambalo halikutarajiwa. Mwaka 2006 jaribio la kimataifa la SMART, lenye washiriki 5,472, lilionyesha kwamba waliosimamisha dawa za VVU kwa vipindi walipata maradhi ya moyo na mishipa zaidi kuliko walioendelea. Kirusi, si dawa tu, kilikuwa kinaharibu ateri. VVU huua seli za kinga za utumbo mapema, ukuta wa utumbo huvujisha vipande vya bakteria kwenye damu, na monosaiti huamka na kubaki macho hata kirusi kinapodhibitiwa. Monosaiti hizo hubeba vitu vinavyogandisha damu, na hupenya ukuta wa ateri kwa urahisi. Mwaka 2012 picha za Sharath Subramanian, Steven Grinspoon na wenzao wa Boston zilionyesha mchochota katika ateri kuu ya watu waliotibiwa VVU vizuri, kiwango sawa na cha watu wenye ugonjwa wa moyo unaojulikana.

Obunga ya leo ina kila kiungo ambacho historia hii imekitaja, na kimoja cha ziada. Tangu sangara, ambaye wenyeji humwita mbuta, alipojaa ziwani miaka ya 1980 na viwanda vya minofu kufunguliwa Kisumu, kichwa na mifupa iliyobaki na nyama kidogo, inayoitwa mgongo wazi, ilitolewa kwa bei ndogo. Wanawake wa Obunga waliigeuza kuwa biashara. Mgongo wazi huanikwa, kisha hukaangwa katika karai kubwa juu ya moto wa kuni, na kuuzwa mtaani na mbali zaidi. Kwa maskini ni protini ya bei nafuu, na samaki wa ziwa ana mafuta ya omega-3, ambayo mwili huyatumia kutengeneza kemikali zinazoziambia chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili ziache kazi na kuondoka. Lakini mafuta ya karai yanayochemshwa tena na tena huoksidika, na hayo ndiyo makrofaji huyapokea kwa mlango usiofungwa. Moshi wa kuni una chembechembe ndogo mno ambazo makrofaji za mapafu humeza. Zikishaudhika hutoa ishara inayosafiri katika damu, ini hujibu kwa protini za mchochota, na damu huelekea kuganda. Mkaangaji anayeinama juu ya karai tangu asubuhi hadi jioni, ambaye ana presha asiyoijua, huwa amekusanya visababishi vitatu kwa wakati mmoja. Anachohitaji kwanza ni jiko lenye dohani na kipimo cha presha, na vyote viwili ni vya bei nafuu kuliko dawa yoyote ya kinga.

Dawa za kinga zenyewe zimejaribiwa. Mwaka 2017 Paul Ridker na wenzake walitangaza matokeo ya CANTOS: watu 10,061 waliowahi kupata mshtuko wa moyo walidungwa kanakinumabu, dawa inayozuia ishara moja ya mchochota bila kugusa kolesteroli. Matukio ya moyo yalipungua kwa asilimia 15 kwa kipimo cha kati. Ndiyo mara ya kwanza hoja ya Virchow kuthibitishwa kwa binadamu hai. Lakini vifo vya maambukizi viliongezeka, na bei ya dawa ilikuwa ya kutisha, hivyo haikuruhusiwa kwa kazi hiyo. Katika mji wenye kifua kikuu na malaria, kasoro ya kwanza ni nzito kuliko ya pili. Kolchisini, dawa ya zamani na nafuu ya jongo, ilifanya vizuri katika majaribio yaliyofuata, na Marekani iliiruhusu kwa ugonjwa wa ateri mwaka 2023.

Mwaka huohuo wa 2023 lilimalizwa mapema jaribio la REPRIEVE, lililowahusisha watu 7,769 wenye VVU katika nchi 12, Uganda ikiwemo. Statini moja, pitavastatini, ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35 kwa watu ambao kwa vigezo vya kawaida wasingepewa. Statini hushusha kolesteroli na pia hutuliza monosaiti, na sehemu ya kila kazi haijatenganishwa kikamilifu. Kwenye mwambao wa ziwa, mradi wa SEARCH, ulioanza mwaka 2013 katika jamii 32 za Kenya na Uganda, ulikuwa tayari umeanza kupima VVU, presha na kisukari katika hema moja, kwa foleni moja, na kuwatibu wagonjwa wa presha kwa utaratibu uleule uliojengwa kwa ajili ya VVU.